Stephen King, mwandishi wa woga ambaye moyo wake uko kwenye besiboli

Mwezi wa sita mwaka wa 2019, mamia ya watu wenye kuomba hifadhi, wengi wao Wakongomani na Waangola, walifika Portland, muji wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Nafasi za kulala zilikosekana. Wakawekewa vitanda ndani ya jumba la basiketi linaloitwa Expo. Kando kabisa ya jumba hilo kuna Hadlock Field, kiwanja cha besiboli.

Ni katika muji huo Stephen King alizaliwa mwaka wa 1947. Huku kwetu tunamujua kwa sababu ya filme: Carrie, Shining, Simetierre, na ile ya Ça ambayo imefanya watu wengi walale taa ikiwaka. Watu wa Maine wanamujua pia kwa jambo lingine. Ni mushabiki mukali wa Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, na timu inayochezea Hadlock Field ni moja kati ya zile ambamo Red Sox inakomazia vijana wake.

Mwandishi wa mizimu anatafuta nini katika muchezo wa fimbo na mupira? Nimesoma vitabu vyake tangu masomo ya sekondari, vingi bila jalada, na mimi naona kwamba kwake yeye filme za kuogopesha, hadisi za pori na besiboli vinatoka kwenye mulango mumoja.

Alikuwa na miaka 2 wakati baba yake alipotoka nyumbani akisema anaenda kununua sigara. Hakurudi tena. Mama yake, Ruth, akabaki na watoto wawili wa kulea peke yake. Miaka kadhaa kisha, mutoto huyo akapata vitabu ambavyo baba aliacha. Vilikuwa hadisi za kuogopesha.

Filme nazo zilimukamata mapema. Tarehe 4 Oktoba 1957, akiwa na miaka 10, alikuwa katika sinema akiangalia filme ya visahani vinavyotoka angani kuharibu dunia. Filme ikakatika, taa zikawaka, na mukubwa wa sinema akatangaza mbele ya watoto kwamba Warusi wametuma Sputnik angani. King anasimulia siku hiyo katika Danse Macabre, kitabu chake cha mwaka wa 1981 juu ya filme na vitabu vya woga. Woga wa kulipia tikiti na woga wa kweli vilikutana chumba kimoja.

Hadisi za pori alizipata Maine yenyewe, jimbo ambalo sehemu kubwa ni misitu. Familia yake ilipokuwa inaishi Orrington, kando ya barabara ya makamio, paka wa binti yake aligongwa na kufa. Watoto wa pale walikuwa na makaburi yao ya wanyama. Kutokana na hayo akaandika Simetierre, iliyotoka mwaka wa 1983, akiingiza ndani yake Wendigo, muzimu wa baridi na njaa katika masimulizi ya watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Sisi ambao tumekua tukisikia habari za mamba-mutu, hatuhitaji kufasiriwa muda murefu.

Sasa besiboli. Kwa yule ambaye hajaiona: murushaji anarusha mupira mudogo na mugumu, mwenye fimbo anajaribu kuupiga. Kwa kawaida mechi ina vipindi 9, na hakuna saa ya kukuokoa. Timu inayoongoza haiwezi kupoteza wakati mupaka firimbi ilie. Sherti imutoe muchezaji wa mwisho wa wapinzani. Tarehe 25 Oktoba 1986, Red Sox ilibakiza mupira mumoja tu ili iwe bingwa. New York Mets wakasawazisha, kisha mupira mwepesi ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner. Red Sox ikapoteza mechi hiyo, na ile ya mwisho pia.

Washabiki walikuwa na maelezo yao: laana. Timu ilikuwa bingwa mwaka wa 1918, kisha ikamuuzisha Babe Ruth, muchezaji wake mukubwa kuliko wote, kwa New York Yankees. Tangu hapo, hakuna kombe. Mwaka wa 2004, King na mwandishi mwenzake Stewart O'Nan waliamua kufuata timu musimu muzima na kuandika kila walichoona. Bahati ya waandishi! Red Sox ilipoteza mechi 3 za kwanza mbele ya Yankees, kisha ikashinda 4 mufululizo, jambo ambalo hakuna timu ya ligi kubwa ya besiboli ya Marekani iliyokuwa imefanya. Tarehe 27 Oktoba ikachukua kombe kule St. Louis, miaka 86 ikiwa imepita, usiku ambao mwezi ulipatwa kabisa na kugeuka mwekundu. King angeweka hilo katika hadisi, wasomaji wangesema amezidisha.

Lakini kitabu ambacho ningemupa mutu asiyemujua ni kile kinachoitwa kwa Kifaransa La petite fille qui aimait Tom Gordon, cha mwaka wa 1999. Trisha, wa miaka 9, anapotea porini wakati wa matembezi na mama na kaka yake. Ana redio ndogo. Usiku anasikiliza mechi za Red Sox, akimungojea Tom Gordon, murushaji wa kweli wa timu hiyo ambaye alikuwa anaitwa mwishoni, wakati mambo ni magumu. Kuna kitu kinamufuata kati ya miti. Sura za kitabu zimegawanywa kama vipindi vya mechi. Mwisho siusemi.

Nilikisoma tena baada ya habari za Expo. Wengi kati ya wale waliolala pale walikuwa wamepita kwa miguu katika pori la Darién, kati ya Kolombia na Panama, pamoja na watoto.

King mwenyewe alisaidia kufundisha timu ya mutoto wake Owen, ambayo ilikuwa bingwa wa Maine mwaka wa 1989. Kisha yeye na bibi yake Tabitha wakalipa feza za kujenga kiwanja cha vijana katika muji wa Bangor, kilichofunguliwa mwaka wa 1992. Hakikupewa jina la King. Kinaitwa Mansfield, jina la mutoto wa kocha aliyefariki akiwa na miaka 14.

Expo ilifungwa kwa wakimbizi mwezi wa nane 2019, familia zikatafutiwa nyumba. Ngambo ya ukuta, mechi ziliendelea.