Mali ya Shirika Mbele ya Mahakama

Georg Rapp, aliyejitenga na Kanisa la Kilutheri huko Württemberg, aliunda Jumuiya ya Harmony katika Pennsylvania mwaka 1805. Wakifuata Mdo. 4:32, waumini walitoa mali zao zote. Aliyeondoka aliahidiwa kurudishiwa alichokileta. Mwaka 1818 daftari la michango lilichomwa moto, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mashauri yalipozaliwa. Mwaka 1832 theluthi moja hivi walijitenga, wakaahidiwa dola 105,000. Mwaka 1836 ahadi ile ya kwanza ikafutwa. Joshua Nachtrieb, aliyeondoka mwaka 1846 na dola 200, alidai fungu lake. Mwaka 1856 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi hati ya kujitoa. Jasho lake tangu 1819 halikuhesabiwa.