Shujaa wa Kutembea Juu ya Mabati

Batman akihamia Tandale, Dar es Salaam, usiku wa leo, atapata taabu kabla hajakutana na jambazi hata mmoja. Kamba yake haina ghorofa la kunasa. Akipanda paani, ni bati: hatua tatu tu mtaa mzima umeshaamka, huyu anauliza ni paka au mwizi, yule ameshika rungu. Na lile joho jeusi, kwa joto la Januari!

Utani huo ndio somo la kwanza kwa anayetaka kubuni mji wa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mji ndio unaoamua ataweza nini na atashindwa nini. Superman, aliyetoka mwaka 1938, anaruka maghorofa kwa sababu waliomtunga waliishi na maghorofa. Mchoraji wake, Joe Shuster, alizaliwa Toronto, na sura ya mji huo ikaingia katika Metropolis, mji wa Superman. Gotham ya Batman ilipata jina mwaka 1940. Bill Finger alisimulia kwamba aliliona katika kitabu cha simu, kwenye jina la duka la vito. Lakini watu wa New York walikuwa wakilijua siku nyingi: Washington Irving aliubandika mji wao jina hilo la utani mwaka 1807.

Huku kwetu watunzi wa hadithi za kusisimua walipenda zaidi miji halisi. Aristablus Elvis Musiba alimtembeza mpelelezi wake Willy Gamba katika miji ya Afrika tangu Kufa na Kupona ya 1974, na Ben Mtobwa akaliandika jina la jiji kwenye jalada: Dar es Salaam Usiku, 1990. Faida ni kwamba msomaji anapajua. Hasara ni hiyohiyo. Pitisha daladala ya Posta kwenda Mbagala njia ya Mwenge, uone kama kitabu hakitafungwa palepale. Ukimfanya meya mla rushwa, watu wataanza kuulizana ni yupi.

Shaaban Robert alikwepa mtego huo mapema. Mwaka 1951, Waingereza wakiwa bado wanatawala, alitoa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Hakuna mkubwa aliyeweza kusimama na kusema ametajwa yeye. Na jina lenyewe ni kitenzi tu, kimeokotwa kwenye maongezi ya kila siku na kufanywa nchi.

Tinasha haikuwa na bahati hiyo. Huo ni mji wa kubuni nchini Kongo ambao kampuni ya DC iliutoa mwaka 2011 uwe makao ya Batwing, Mwafrika aliyepewa vazi la popo. Jina linamkumbusha mtu Tinashe, jina la Kishona linalopatikana Zimbabwe, mbali kabisa na mto Kongo. Mwaka 2013 vazi likapewa Luke Fox, hadithi ikahamia Gotham, na Tinasha ikaachwa. Mji usio na wenyewe ni rahisi kuuhama.

Sasa tuseme mtunzi anaubuni wake kutokana na Tandika au Mwananyamala. Aanzie kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na kamba ya nguo. Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, ana jumba na pango chini yake. Mpangaji wa chumba kimoja atalifua wapi vazi lake la siri? Akilianika, wapangaji wote wamelihesabu vifungo. Akirudi saa tisa usiku, barazani asubuhi ataulizwa. Basi apewe kazi inayoeleza kukesha: mlinzi, dereva wa bodaboda, muuza chipsi. Hapo sheria za mji zimeshaanza kumtengeneza mtu.

Kisha maji. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara hufungwa pale Jangwani na jiji hukatika vipande viwili. Kigamboni nako, kabla ya Daraja la Nyerere lenye mita 680 kufunguliwa Aprili 2016, mtu alisubiri pantoni pale Magogoni au alizunguka kwa barabara kupitia Kongowe. Mji wa kubuni wenye kivuko kimoja tu una hadithi tayari: adui hahitaji bomu, anahitaji ufunguo wa injini.

Majina ndiyo yanayowashinda wengi. Wanakimbilia maneno makubwa yenye mlio wa kigeni. Dar es Salaam haijipi majina hivyo. Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lililopita kwenye ndimi za watu mpaka likawa Kiswahili. Kuna Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa, Mtoni kwa Aziz Ally, Mbagala Rangi Tatu. Mtu, mto, mti, rangi: kituo kimepata jina. Katika mji wa kubuni, “Transfoma Mbili” au “Kwa Bibi Siafu” yataaminika kuliko jina lolote la dhahabu na radi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuchora ramani, iache kwanza. Panda gari la Mbagala jioni, simama karibu na mlango, uandike kila kituo konda anachokiita.