Barafu ni Chakula: Tuitunze Mashine ya Kikundi



Kando ya Ziwa Victoria na huko Pwani, viko vikundi vya wavuvi na wachuuzi wa samaki ambavyo vina mashine ya kutengeneza barafu. Wengine wamechanga pesa, wengine wamechukua mkopo, wengine wamesaidiwa. Faida yake tunaijua. Samaki wa alfajiri akikaa bila barafu huanza kuharibika kabla jua halijatua, na mwenye samaki hulazimika kuuza kwa bei anayoitaka mnunuzi. Akiwa na barafu ya kutosha, yaani karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, anaweza kungoja bei nzuri.

Lakini mashine hii si kama jembe, ambalo hata ukilisahau msimu mzima utalinoa na kurudi shambani. Isipooshwa, inachafua chakula cha watu, halafu inakufa yenyewe. Tena mara nyingi haifi kwa uzee. Inakufa kwa sababu kila mtu alifikiri mwenzake ataisafisha.

Je, baridi haiui viini vya magonjwa?

Wengi hudhani hivyo, lakini si kweli. Baridi huvilaza tu. Barafu ikiyeyuka, viini vingi huamka na kuendelea na kazi yao. Kwa hiyo barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu, au katika mashine chafu, inaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Barafu hugusa samaki, na wengine huitia ndani ya kinywaji. Basi tuihesabu kuwa chakula.

Tukumbuke Desemba 1997. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1998, lakini hasara ilikuwa imekwisha kumfikia hata mvuvi wa mtumbwi mmoja. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mnunuzi akipoteza imani, hamtengi aliye safi na aliye mchafu.

Maadui watatu wa mashine

Mashine nyingi ndogo hufanya kazi hivi: pampu humwaga maji juu ya bamba la chuma lenye baridi kali. Maji huganda kidogo kidogo mpaka vipande vimekuwa vinene, kisha bamba hupashwa joto kidogo na vipande huanguka ndani ya sanduku.

Adui wa kwanza ni ukoko mweupe. Umeuona ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Maji yakiganda, chumvi na chokaa hubaki katika maji yaliyosalia, na mwishowe hushika kwenye bamba. Ukoko huo ni kama blanketi, unazuia baridi isipite. Barafu inachelewa, inang'ang'ania bamba, na bili ya stima inapanda.

Adui wa pili ni utelezi. Mahali penye maji na giza viini hujenga utando unaoteleza, mweusi au wa rangi ya waridi. Ukipitisha kidole utauhisi.

Adui wa tatu ni vumbi. Nyuma au ubavuni mwa mashine kuna mabati membamba yaliyopangwa kama meno ya kitana. Hapo ndipo joto hutokea. Yakizibwa na vumbi, nyuzi na manyoya ya kuku, mashine inakosa pumzi, injini yake ya baridi (kompresa) inachemka, na siku moja inaungua. Hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Kazi za kila siku na kila wiki

Kila siku: Mwenye zamu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa barafu. Atumie koleo safi la plastiki, si mikono wala bakuli la samaki. Koleo lisiachwe ndani ya barafu, litundikwe mahali safi. Soda, nyama au samaki wasiwekwe ndani ya sanduku la barafu. Na barafu iliyokwisha gusa samaki isirudishwe humo hata kidogo.

Kila wiki: Toa barafu yote, osha sanduku kwa sabuni na maji safi, suuza, kisha pangusa kwa maji ya klorini na usuuze tena. Hakikisha bomba la maji machafu halijaziba. Zima stima, halafu toa vumbi kwenye yale mabati kwa brashi laini, ukifuata mistari yake. Usiyapinde.

Kuosha mashine kwa ndani

Vitabu vingi vya mashine hizi husema ioshwe ndani angalau mara mbili kwa mwaka. Ikiwa maji yenu ni ya chumvi, au mahali pana vumbi jingi, msingoje hivyo. Osheni kila mwezi mmoja hadi mitatu. Someni kwanza kitabu cha mashine yenu, maana vitufe hutofautiana. Njia ya kawaida ni hii:

1. Simamisha mashine na uache barafu iliyo kwenye bamba ianguke yenyewe. Usiigonge wala kuichokoa kwa kisu! Nyuma ya bamba kuna mirija ya gesi. Ukitoboa mmoja, gesi inatoka na kazi imekwisha. Kisha toa barafu yote sandukuni.

2. Tia dawa ya kuondoa ukoko, ile iliyoandikwa kuwa ni ya mashine za barafu, kwa kipimo cha mkebe wake. Washa kitufe cha kuoshea ili pampu izungushe dawa bila baridi, kwa muda ulioandikwa. Usitumie maji ya betri wala steelwool, vitakula bamba.

3. Mwaga dawa yote. Zungusha maji safi na kuyamwaga, mara tatu.

4. Zima, chomoa plagi, halafu fungua vifaa vinavyotoka kwa mkono. Visugue kwa brashi laini na sabuni, hasa pembeni palipo na utelezi. Suuza na uvirudishe.

5. Sasa tia klorini. Ukitumia dawa ya kufulia kama Jik, isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita ya maji kinatosha. Zungusha dakika 5, mwaga, suuza vizuri.

6. Washa mashine. Barafu ya mikupuo miwili ya kwanza itupwe, isiuzwe.

HATARI: Dawa ya ukoko ni asidi. Ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Usizichanganye kamwe. Ndiyo maana tunasuuza mara tatu katikati. Fungua madirisha, vaa glavu, na watoto wakae mbali.

Maji na stima

Mashine haigeuzi maji machafu kuwa safi. Maji ya ziwa yaachwe yatulie, yachujwe na kutiwa dawa kabla ya kuingia. Chujio la mashine libadilishwe kila miezi 6, au mapema ikiwa maji yanapita kidogo.

Stima ikipotea, zima mashine. Ikirudi, ngoja dakika 5 ndipo uwashe, maana kompresa ikishtuliwa haraka huumia. Kifaa cha kulinda mashine stima inapopanda na kushuka ni rahisi kuliko kompresa mpya.

Mashine husema kabla ya kufa

Barafu inachelewa: angalia vumbi, halafu ukoko.
Vipande ni vyembamba au vina mashimo: maji ni kidogo, au chujio limeziba.
Barafu ina harufu au rangi: kuna utelezi, au maji ni machafu. Msiuze.
Kompresa inawaka na kuzima mara kwa mara: zima, ita fundi wa friji. Mambo ya gesi na nyaya si ya kujaribu.

Utajuaje kwamba inachelewa? Kwa daftari. Mashine ikiwa imetoka kuoshwa, hesabuni dakika za mkupuo mmoja na kuandika. Kila wiki hesabuni tena. Kama ilikuwa dakika 20 na sasa ni 30, msingoje iwe 40. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani atafanya?

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. "Tutaisafisha" haina mwenyewe. Bandikeni ukutani karatasi yenye tarehe, kazi na jina la mtu. Anayemaliza aweke sahihi. Kazi hii isiachiwe akina mama peke yao, kwa kuwa faida ni ya wote.

Tena tengeni mfuko wa matengenezo. Tuseme mnauza barafu ya shilingi 1,500 kwa siku. Mkiweka kando shilingi 150, kwa siku 25 za kazi ni shilingi 3,750, na kwa mwaka ni 45,000. Hapo fundi akija hamtaanza kuzunguka mkichangisha huku samaki wanaoza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mashine yetu ilioshwa ndani lini mara ya mwisho? Nani anaweza kutuonyesha mahali palipoandikwa?
2. Maji yetu yanatoka wapi, na nani huyatia dawa?
3. Kompresa ikiungua kesho asubuhi, tuna shilingi ngapi mfukoni?

Kama swali la kwanza limekosa jibu, msifunge mkutano kabla ya kuandika tarehe na majina mawili.