Ziara ya Mwanza na Waliobaki Nyarugusu

Wanachuo wenzangu wa ualimu, wengi wetu tukienda BTP tunaota kuwapeleka wanafunzi ziara. Mimi nilibahatika mwaka 2025, katika shule moja ya sekondari pande za Nyarugusu, mkoani Geita. Tuliwapeleka Kidato cha Tatu Mwanza, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Naeleza hapa ziara inavyogeuka kuwa somo. Kuna sehemu niliikosea, na sipendi na wewe uikosee.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Miaka ya nyuma, ukifika Busisi unapanga foleni ya kivuko, na siku ikiwa mbaya, asubuhi nzima inaishia pale. Sisi tulipita juu. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni mwaka huo. Basi zima lilisimama, konda akapiga kelele wakae, na mara tukawa Kigongo. Baadaye nilipowauliza kwa nini katikati ya daraja kuna minara yenye nyaya, hakuna aliyejua. Kosa si lao. Sikuwa nimewapa swali kabla. Mwanafunzi asiyejua anatafuta nini ataona kila kitu na asikumbuke chochote.

Kwenye Jiwe la Bismarck nilikuwa nimejiandaa vizuri zaidi. Niliwagawa makundi ya watu watano, kila kundi na swali moja. Swali gumu lilikuwa hili: nani aliyeyapanga mawe haya?

Jibu ni kwamba hakuna. Mawe ya Mwanza ni graniti, mwamba uliopoa chini sana ardhini kutoka kwenye uji wa moto. Mwamba ule ukapata nyufa za kwenda juu na za kulala, kama matofali kwenye ukuta. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuulainisha mwamba taratibu, yakianza na kona, kwa sababu kona inashambuliwa pande nyingi kwa pamoja. Tofali likawa duara. Kisha mvua ikachukua udongo uliolainika, mawe yakabaki yamekaliana. Kwa hiyo jiwe halikubebwa na kuwekwa juu ya lingine. Yote mawili yalikuwa pale pale, kilichoondoka ni kile kilichoyazunguka.

Kijana mmoja akalitazama jiwe kwa muda, akasema, "Mwalimu, hili halina kitu. Lingekuwa nalo, kwetu lingeshakuwa unga." Wenzake wakacheka, lakini alikuwa sahihi. Dhahabu ya Geita imo kwenye ukanda wa miamba ya kale ya volkano, ikiwemo kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwatzi iliyopenya humo. Graniti ya Mwanza ni habari nyingine. Mtoto wa Nyarugusu anazitofautisha kwa macho kabla mimi sijafungua kitabu.

Mchana tulipanda boti kwenda Saanane, kisiwa chenye jina la Mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Waliona pundamilia, swala na pimbi wakiota jua juu ya mawe yale yale ya asubuhi. Jioni tukapitia Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za watemi ziliwanyamazisha hata watundu. Nyarugusu tulifika usiku, wote wamelala isipokuwa dereva na mimi.

Jumatatu nikatoa jaribio la maswali kumi kuhusu ziara. Karatasi ya kwanza kurudi ilikuwa na jina na mstari mmoja: "Sikwenda, Mwalimu."

Mchango ulikuwa shilingi 25,000, na zaidi ya nusu ya darasa hawakuutoa. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina ya waliolipa, kila asubuhi, mbele ya wote. Na bado nikawatungia mtihani wa kitu nilichowaacha nje. Nilikaa ofisini na ile karatasi, sikujua niiwekee alama gani.

Jaribio nililifuta. Alhamisi yake niliwachukua waliobaki, kwa miguu, hadi kwenye rundo la mawe kando ya njia, mbali na maduara. Hakukuwa na nauli wala kiingilio. Yule binti wa karatasi tupu aliokota jiwe, akaligeuza, akatuonyesha mstari mweupe. Mama yake anauza chakula karibu na makarasha, kwa hiyo mawe anayajua tangu mdogo. Nikawaomba waliokwenda Mwanza wawaeleze graniti, na hawa wakawaeleza mwamba wa nyumbani. Kipindi kile kilikuwa bora kuliko safari nzima.

Huko Japani safari ya shule ni sehemu ya masomo. Wanafunzi hukaa siku kadhaa mji kama Kyoto, mara nyingi wakitembea kwa vikundi vidogo kwa ratiba waliyoipanga wenyewe, na shule nyingi huwatoza wazazi kidogo kidogo muda mrefu kabla. Hilo la mwisho ndilo la kuiga. Shilingi 25,000 kwa wiki mbili ni mlima kwa mama ntilie, lakini ukiigawa kuanzia Januari wengi wanaifikia.

Basi ukienda BTP, toa swali kabla ya safari, gawa makundi, na anza na mwamba ulio karibu ambao kila mtu anaufikia. Na majina ya waliolipa, kaa nayo mfukoni.