Kanuni ya Makundi ya Mchujo na Mtawanyiko wa Alama katika Msimu wa 2020/21 wa Formula E

Utangulizi

Msimu wa saba wa Formula E, yaani mashindano ya kimataifa ya magari ya umeme ya kiti kimoja, ulianza Diriyah nchini Saudi Arabia tarehe 26 Februari 2021 na kumalizika Berlin tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Huu ndio msimu wa kwanza ambao mashindano hayo yaliendeshwa kwa hadhi ya ubingwa wa dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Nyck de Vries wa timu ya Mercedes alitwaa taji hilo kwa alama 99 alizozikusanya katika mbio 15, sawa na wastani wa alama 6.6 kwa kila mbio. Kwa kuwa dereva anayemaliza katika nafasi ya sita hupewa alama 8 na wa saba alama 6, bingwa wa dunia wa mwaka huo alikuwa, kihesabu, karibu zaidi na dereva wa nafasi ya saba kuliko wa sita.

Makala haya yanafafanua namna matokeo hayo yalivyopatikana. Hoja inayotetewa ni kwamba mtawanyiko wa alama ulisababishwa kwa kiasi kikubwa na kanuni ya kupanga makundi ya mchujo, kanuni iliyowaadhibu waliokuwa wakiongoza, na kwamba nguvu ya kanuni hiyo ilionekana kikamilifu pale tu magari yalipokaribiana uwezo. Suala hili lina uzito kwa sababu taji la dunia hudai kumtambulisha dereva bora; iwapo utaratibu wenyewe unamrudisha nyuma kila anayetangulia, ni lazima kuuliza jedwali la alama lilikuwa likipima nini hasa.

Gari, betri na dakika 45

Gari lililotumika lilikuwa la kizazi cha pili, lililoanza kutumika msimu wa 2018/19. Fremu, betri na matairi vilikuwa vya aina moja kwa timu zote. Ushindani wa kiufundi ulibaki katika mota, giaboksi, vifaa vya kugeuza umeme na programu za kompyuta zinazoviongoza. Katika mbio, dereva aliruhusiwa kutumia nguvu ya kilowati 200 kwa kawaida, na kiasi cha umeme alichoruhusiwa kutumia kutoka katika betri ni kilowati-saa 52. Hesabu ndogo inatosha kuonesha tatizo: kwa kilowati 200 mfululizo, umeme huo ungekwisha kwa muda usiofika dakika 16, ilhali mbio zilidumu dakika 45 na kuongezwa mzunguko mmoja. Ni kweli kwamba hakuna dereva anayekanyaga pedali hadi mwisho muda wote, kwa kuwa barabara ina kona. Hata hivyo, hapakuwa na njia ya kumaliza isipokuwa kuachia pedali mapema kabla ya kona na kurudisha umeme katika betri wakati wa kupunguza mwendo.

Hali hii huipa nafasi ya kuanzia thamani isiyo ya kawaida. Barabara nyingi za Formula E ni mitaa ya mijini, nyembamba na yenye kuta pande zote mbili, na kumpita mwenzako humaanisha kutumia umeme ambao baadaye utauhitaji. Anayeanza wa kumi na nane hukabiliwa na madeni mawili kwa wakati mmoja: la nafasi na la umeme.

Kufagia barabara

Katika msimu tunaouchunguza, madereva walikuwa 24 kutoka timu 12. Kwa ajili ya mchujo waligawanywa katika makundi manne ya watu sita sita kwa kufuata msimamo wa alama, na kundi la kwanza kuingia barabarani lilikuwa la sita waliokuwa wakiongoza. Kila dereva alipata nafasi moja tu ya mzunguko wa kasi. Sita waliokuwa na muda bora zaidi kutoka makundi yote walirudi tena, mmoja mmoja, kushindania nafasi ya mbele kabisa.

Athari ya mpangilio huu inatokana na hali ya lami. Mtaa ambao siku chache kabla ulikuwa ukipitiwa na magari ya kawaida huwa na vumbi na mabaki ya mafuta. Magari ya mwanzo huyafagia, na matairi yao huacha utando wa mpira unaoongeza mshiko kwa wanaofuata. Kwa hiyo kundi la nne hukuta barabara ambayo kundi la kwanza limeitayarisha. Tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde ilitosha kumshusha kiongozi wa ubingwa hadi nusu ya chini ya orodha ya kuanzia, kwa sababu tofauti za muda baina ya madereva wote 24 zilikuwa finyu mno.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaofuatilia mbio za magari za masafa wameshakutana na jambo hili. Katika ubingwa wa dunia wa rali, siku ya kwanza kiongozi wa alama ndiye hutangulia barabarani, na kwenye barabara za vumbi na changarawe yeye ndiye mfagiaji wa wenzake. Safari Rally iliporejea katika kalenda ya ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, katika maeneo ya Naivasha nchini Kenya, Sébastien Ogier alibeba mzigo huo na bado akashinda. Ulinganisho huu una mpaka, na mpaka wenyewe ndio unaofundisha. Rali huendelea kwa siku kadhaa, na mpangilio wa kuanza hubadilika baada ya siku ya kwanza, hivyo aliyepoteza sekunde huwa na muda wa kuzirudisha. Dereva wa Formula E alikuwa na dakika 45, kuta, na betri isiyotosha.

Sura ya jedwali

Jedwali la mwisho la msimu linasomeka kama orodha ya watu waliopokezana kijiti. Mbio 15 zilitoa washindi 11 tofauti. Waliopata ushindi mara mbili ni wanne, yaani de Vries, Sam Bird, Jake Dennis na Lucas di Grassi. Hakuna aliyeshinda mara tatu. Edoardo Mortara alimaliza wa pili kwa alama 92, Dennis wa tatu kwa 91, Mitch Evans wa nne kwa 90 na Robin Frijns wa tano kwa 89. Jean-Éric Vergne, aliyeshika nafasi ya kumi, alikuwa na alama 80. Kumi bora wote walitenganishwa na alama 19, na ushindi mmoja una thamani ya alama 25.

Alama za bingwa mwenyewe zinadhihirisha jambo hilo kwa uwazi zaidi. De Vries alishinda Diriyah na Valencia, kisha akamaliza wa pili mara mbili London mwezi Julai. Mbio hizo nne pekee zilimpa alama 86. Mbio 11 zilizobaki, pamoja na alama zote za ziada za mchujo, zilimpa 13. Bird naye aliondoka New York mapema mwezi Julai akiwa kiongozi kwa alama 81; katika mbio nne zilizofuata aliongeza 6 tu na kumaliza wa sita. Alipofika London, de Vries alikuwa nje ya sita bora, hivyo Jumamosi hakulazimika kutoka na kundi la kwanza. Bird alilazimika.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuitwisha kanuni hiyo mzigo wote. Makundi yaleyale yalikuwepo msimu wa 2019/20, na António Félix da Costa wa DS Techeetah alitwaa ubingwa kwa alama 158 katika mbio 11, akimwacha Stoffel Vandoorne kwa alama 71. Alifanya hivyo akiwa kiongozi, yaani mfagiaji. Tafsiri inayokubalika zaidi ni kwamba gari lake lilikuwa na ubora uliotosha kufidia adhabu ya lami. Mwaka uliofuata ubora huo ulimezwa na maendeleo ya watengenezaji wengine, na adhabu ikabaki peke yake bila cha kuifidia.

Valencia

Kuna kanuni ya pili isiyoweza kuachwa nje, kwa kuwa iligusa zaidi ya robo ya alama za bingwa. Tangu msimu wa 2019/20, kila dakika ambayo magari yalitembea nyuma ya gari la usalama ilipunguza kilowati-saa moja katika umeme ulioruhusiwa. Nia ilikuwa kuzuia mbio zisigeuke matembezi, kwani mwendo wa polepole huokoa umeme.

Tarehe 24 Aprili 2021, katika uwanja wa Ricardo Tormo huko Valencia, mvua na ajali zilileta gari la usalama mara kadhaa, na jumla ya kilowati-saa 19 zikaondolewa. Da Costa, aliyekuwa akiongoza, alivuka mstari muda mfupi kabla ya dakika 45 kutimia, na kwa mujibu wa kanuni hilo lilimaanisha mzunguko mmoja zaidi ya ambao timu nyingi zilikuwa zimeupigia hesabu. Katika mzunguko wa mwisho magari yalianza kutambaa. Mengine yalisimama, na baadhi ya madereva walienguliwa kwa kuzidisha matumizi ya umeme. De Vries alishinda, Nico Müller akawa wa pili na Vandoorne wa tatu.

Wengi waliyaita matokeo hayo kichekesho. Hukumu hiyo ni nyepesi. Kanuni ilikuwa moja kwa wote na ilijulikana. Magari mawili ya Mercedes yalimaliza ndani ya tatu bora kwa sababu yalikuwa na umeme uliobaki. Kinachoweza kulaumiwa ni kanuni iliyoacha swali la nani atamaliza litegemee sekunde chache za saa, si dereva aliyeijibu vizuri kuliko wenzake.

Berlin na mabadiliko yaliyofuata

Asubuhi ya tarehe 15 Agosti, katika kiwanja cha zamani cha ndege cha Tempelhof, de Vries alikuwa na alama 95, Mortara 92, Dennis 91 na Evans 90. Gari la Evans halikuondoka taa zilipozimika. Mortara, asiyeweza kuliona kwa wakati, aliligonga kwa nyuma. Dennis naye aligonga ukuta mapema katika mbio hizohizo. Wapinzani watatu wa karibu walimaliza siku bila alama, na nafasi ya nane ikamtosha de Vries. Norman Nato alishinda mbio hizo.

Msimu wa 2022 ulifuta kanuni zote mbili. Dakika za gari la usalama zilianza kufidiwa kwa kuongeza muda wa mbio badala ya kupunguza umeme. Mchujo ukawa wa makundi mawili, yaliyopangwa kwa kupishanisha nafasi za msimamo, kiongozi upande mmoja na wa pili upande mwingine. Wanne bora wa kila kundi waliingia katika mapambano ya wawili wawili hadi fainali. Timu zilikuwa 11, kwa kuwa Audi ilikwishaondoka. Vandoorne alitwaa ubingwa kwa alama 213 katika mbio 16, wastani wa alama 13.3, zaidi ya mara mbili ya wastani wa de Vries. Alishinda mara moja tu, Monaco.