Louis Jacobs: kutoka panya wa kale hadi dinosaria wa Malawi

Ukiingia Makumbusho ya Perot mjini Dallas, Texas, ukumbini unapokewa na mifupa ya dinosaria mwenye shingo ndefu aitwaye Malawisaurus. Wageni wengi hupiga picha na kupita. Wachache huuliza jina la nchi ya Afrika limefikaje pale. Jibu limo katika maisha ya kazi ya Louis Jacobs, profesa mstaafu wa Southern Methodist University, au SMU, chuo kikuu cha jiji hilohilo.

Jacobs hakuanza na dinosaria. Utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Arizona, alioukamilisha mwaka 1977, ulihusu panya: meno yao yaliyokaa mamilioni ya miaka katika miamba ya Siwalik nchini Pakistani. Ni kazi ya kuchekecha udongo na kuinamia darubini, maana jino moja huweza kuwa dogo kuliko punje ya mchele. Mwaka 1981 alikwenda Nairobi kuongoza idara ya paleontolojia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, enzi za uongozi wa Richard Leakey. Wakati ule walimwengu walikuwa wakiitazama Kenya kwa ajili ya mafuvu ya binadamu wa kale. Swali lililomvuta Jacobs lilikuwa la nyuma zaidi: kabla ya simba, tembo na nyani, bara hili lilikaliwa na nani?

Alihamia SMU mwaka 1983, na mwaka uliofuata akaanza kulitafuta jibu wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, si mbali na mpaka wa Tanzania. Mifupa ya huko ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1920, mwanajiolojia Dixey alipoikusanya. Mwaka 1928 ikapewa jina huko Afrika Kusini, kisha ikasahaulika. Timu ya Jacobs ilirudi kwenye vilima vilevile na kupata mifupa mingine, ikiwemo sehemu za kichwa, ambazo kwa dinosaria wenye shingo ndefu hupatikana kwa nadra sana. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba mnyama huyu, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, alistahili jina lake mwenyewe. Ndipo akaitwa Malawisaurus.

Makala iliyotoa jina hilo ina waandishi wanne, na mmoja wao ni Mmalawi, Elizabeth Gomani. Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Gomani, mwanafunzi wa Jacobs, alisoma SMU hadi uzamivu, na mwaka 1997 alikuwa tayari amempa jina mamba mdogo wa kale aliyepatikana Mwakasyunguti, Karonga. Mwaka 2005 akampa jina dinosaria mwingine, Karongasaurus. Baadaye alishika wadhifa wa mkurugenzi wa utamaduni nchini mwake.

Ili kupima uzito huo, msomaji akumbuke Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko zaidi ya tani 200 za mifupa, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin, ambako mifupa ya dinosaria mmoja mkubwa imesimama hadi leo. Msimamizi mkuu wa uchimbaji kwa upande wa wenyeji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuchimba, kusafisha na kufunga mifupa kwa ustadi. Wanasayansi wa Kijerumani, Janensch na Hennig, ndio waliobaki na sifa ya kitaaluma. Jina la Boheti lilisubiri hadi mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Kutoka Boheti hadi Gomani ni hatua kubwa, na Jacobs anastahili sifa kwa sehemu yake katika hatua hiyo.

Wanafunzi wengine wa Jacobs walifika mbali vilevile. Yuong-Nam Lee wa Korea Kusini na Yoshitsugu Kobayashi wa Japani wote walipata uzamivu SMU, wakarudi kwao na kuwa vinara wa fani hii. Mwaka 2014 walikuwa pamoja katika timu iliyofumbua fumbo la Deinocheirus, dinosaria ambaye tangu mwaka 1965 alijulikana hasa kwa mikono yake tu, yenye urefu wa mita 2.4, iliyopatikana katika jangwa la Gobi.

Kwa wasomaji wa kawaida Jacobs aliandika vitabu, kikiwemo Quest for the African Dinosaurs cha mwaka 1993, na kingine kuhusu dinosaria wa Texas.

Kwa Wakenya, kazi yake inayogusa zaidi haina dinosaria hata mmoja. Mwaka 1964 James Mead, aliyekuja kuwa bingwa wa nyangumi wa makumbusho ya Smithsonian, Marekani, alichimba kisukuku cha nyangumi huko Turkana, kilomita 740 kutoka Bahari ya Hindi. Baadaye kisukuku hicho kikapotea, na kwa zaidi ya miaka 30 hakikujulikana kilipo. Jacobs alikitafuta hadi kikapatikana Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011. Nyangumi huyo, aliyekufa miaka milioni 17 iliyopita, inaelekea alipanda mto mkubwa akapotea njia. Nyangumi hapandi maporomoko, kwa hiyo nchi ile lazima ilikuwa tambarare, karibu na usawa wa bahari. Leo mahali hapo ni mita 620 juu ya bahari. Kisukuku kimoja kikawapa wanajiolojia kipimo cha lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka, mwinuko uliochangia kukausha misitu na kutandaza mbuga ambamo mababu wa binadamu walitokea.

Tangu mwaka 2005 Jacobs na wenzake walichimba pia pwani ya Angola, wakapata mijusi wakubwa wa baharini, mmoja akiwa na mabaki ya wenzake watatu tumboni. Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza wa SMU walishiriki kuisafisha mifupa hiyo, na mwaka 2018 ikaonyeshwa Smithsonian, Washington.

Mwaka 2024, akiwa amekwisha kustaafu, aliongoza utafiti uliolinganisha nyayo zaidi ya 260 za dinosaria, baadhi kutoka bonde la Koum, kaskazini mwa Kameruni, na nyingine za kaskazini mashariki mwa Brazili. Kameruni alikwenda mara ya kwanza miaka ya 1980, pamoja na Mfaransa Michel Brunet. Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 120, na nyingi ni za wala nyama wenye vidole vitatu. Zilikanyagwa kwenye matope ya mito na maziwa wakati mabara mawili yakiwa bado yameshikana hapo, na sasa zimetenganishwa na zaidi ya kilomita 6,000, na Atlantiki ikiwa katikati.