Mwanao Anacheza Baleti? Mruhusu Acheze na Chakacha

Je, mpenzi msomaji, una mtoto anayejifunza densi ya baleti? Siku hizi jijini Nairobi si watoto wa matajiri pekee wanaoicheza. Hata Kibera wapo, na baadhi yao ni hodari kweli kweli.

Mama mmoja alimleta kwangu binti yake wa miaka 13 akichechemea. Kwa wiki sita alikuwa na maumivu juu ya unyayo, pale mfupa wa kidole cha pili unapoanzia. Picha ya eksirei haikuwa imeonyesha kitu, na nyumbani walianza kudhani mtoto anadeka. Nilipobonyeza mahali hapo kwa ncha ya kidole, aliruka. Ulikuwa ufa mdogo katika mfupa uliochoka, ambao mara nyingi hauonekani katika eksirei ya kwanza.

Binti huyo alikuwa akicheza baleti siku sita kwa wiki, na hakuwa na mchezo mwingine wowote. Nilipouliza sababu, mama alijibu, "Daktari, tuliambiwa ngoma nyingine zitamharibia miguu."

Ukweli ni kinyume cha hayo. Baleti ilianzia katika majumba ya watawala wa Italia, ikapewa kanuni zake nchini Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha densi mwaka wa 1661. Mikao yake mitano ya msingi yote humtaka mchezaji ageuze miguu kuelekea nje. Mgeuko huo yapasa utoke kwenye nyonga. Mtoto ambaye nyonga zake hazikuumbwa kugeuka kiasi hicho huulazimisha kwenye goti na kifundo cha mguu, na hapo ndipo matatizo huanza. Misuli inayogeuza mguu nje hufanya kazi kila siku, ile inayourudisha ndani ikibaki nyuma.

Aidha, kuna kusimama kwenye ncha za vidole. Uzito wa mwili hushuka mahali pale pale, hasa kwenye mfupa wa pili wa unyayo na kwenye kano ya kidole gumba inayopita nyuma ya kifundo. Mfupa ni kitu hai. Ukitwishwa mzigo kisha ukapumzishwa, hujijenga ukawa imara zaidi. Ukitwishwa tena na tena kabla haujajirekebisha, hupata ufa.

Sasa itazame chakacha ya pwani. Magoti yamelegea, unyayo mzima uko chini, na kiuno, ambacho baleti hukitaka kitulie, ndicho kinachofanya kazi. (Najua wapo watakaoguna, lakini mimi nazungumzia nyonga na uti wa mgongo!) Katika densi ya kisasa aliyoifundisha Martha Graham huko New York kuanzia mwaka wa 1926, wachezaji huwa miguu mitupu, kiwiliwili hujikunja na kujinyoosha kufuatana na pumzi, na mtu hujifunza kuanguka sakafuni bila kuumia. Mzigo hugawanywa.

Isukuti ya Waluhya ina faida nyingine. Somo la baleti huwa na mazoezi mafupi yanayokatizwa na maelezo ya mwalimu, kwa hiyo moyo na mapafu havipati kazi ya kutosha mfululizo. Ukicheza isukuti kwa dakika 20, utajua una mapafu! Mchezaji aliyeishiwa pumzi hutua vibaya anaporuka, na wengi huumia wakiwa wamechoka.

Hata hivyo, mzazi, usije ukaongeza chakacha juu ya siku sita za baleti. Hapo utakuwa umeongeza ugonjwa. Densi ya pili ichukue nafasi ya baadhi ya saa za ile ya kwanza. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kuwa mtoto asijifunge na mchezo mmoja kabla ya kufika miaka 15 au 16, na apumzike angalau siku moja au mbili kila wiki.

Wala ngoma haitibu njaa. Yule binti alikuwa akienda mazoezini na chai ya rangi tumboni, basi. Mifupa haijengwi kwa chai. Msichana aliyefika miaka 15 bila kupata hedhi, au ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, aonwe na daktari.

Binti huyo alivaa kiatu kigumu cha hospitali kwa wiki sita, akarudi polepole. Sasa ana siku tatu za baleti na moja ya densi ya kisasa. Chakacha anafundishwa na shangazi yake.

Ikiwa mwanao ana maumivu ya mguu yasiyohama mahali pamoja kwa zaidi ya wiki mbili, au yanayomwamsha usiku, mpeleke hospitalini, hata kama eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu.